Chupa ya Mzee wa Kanisa

Njombe, 8 Septemba 1957

Hulda dada yangu,

Kamwene. Utaushangaa mwandiko huu, maana tangu mwaka 1953 haujaingia nyumbani mwako. Sisi huku tunaendelea kwa neema ya Bwana. Baridi ya Julai imeunguza viazi vyote vya bondeni, vimebaki vya mlimani tu. Mjomba wa Matembwe alifariki mwezi wa sita, tukamzika vizuri, wazee wa kanisa tulikuwa sita. Kanisa jipya sasa linangoja mabati. Wifi yako Ida ni mzima, analima kama trekta, na amesema nisisahau kuandika kwamba anakukumbuka.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Jumapili ya tarehe 18 Agosti nilikuwa nasoma matangazo, herufi zikaanza kucheza kwenye karatasi, nikaanguka mbele ya usharika mzima. Walinibeba kwa machela hadi hospitali. Daktari Mzungu akanifunga kitambaa mkononi, akapuliza hewa, akatikisa kichwa. Kisha mkojo wangu wakauchemsha na dawa ya bluu kwenye kichupa, ukageuka mwekundu kama tofali. Daktari akasema nina magonjwa mawili kwa pamoja, sukari na presha, na kila moja linaliongezea jingine nguvu. Nisipobadili maisha, yatakwenda macho, au mguu, au moyo utasimama siku moja bila kuaga.

Masharti aliyonipa ni haya. Sukari marufuku, chumvi marufuku, nyama ya mafuta marufuku, ugali usizidi ngumi yangu, ugoro nitupe, pombe nisiguse, na kila siku nitembee mpaka nitoke jasho ili hili tumbo lipungue. Hilo la pombe alijisumbua bure, wajua mimi sijaigusa tangu ubatizo. Presha nitapimwa hapa kila mwezi. Mkojo nao upimwe kila mwezi, na ukiendelea kuwa mwekundu nitachomwa sindano kila asubuhi hadi kufa.

Tatizo ni kwamba dresa, msaidizi wa daktari anayepima hapa, ni Efraimu. Unamkumbuka? Yule niliyemzuilia ndoa mpaka akatubu mbele ya watu. Ati mimi nipite sokoni nimeshika chupa ya mkojo, nikampe yule! Haiwezekani. Nimemwambia daktari nina ndugu anayefua mashuka kwenye dispensari ya Makambako, akakubali, mradi dresa wenu, Bwana Sila, amwandikie matokeo. Hilari wa lori la mbao atabeba chupa.

Mambo ya mwaka ule tuyaache yalivyo.

Ni mimi kaka yako,
Danieli, Mzee wa Kanisa


Makambako, 21 Septemba 1957

Kaka Danieli,

Kamwene nawe. Barua yako niliikalia siku tatu bila kuifungua, nikidhani kuna mtu amekufa. Kumbe ni mkojo.

Sisi tupo. Upepo wa hapa njia panda unaujua, vumbi tunakula pamoja na ugali. Wanangu wote wawili wanasoma, mkubwa ameingia darasa la tano. Kufua mashuka ya wagonjwa kumenichubua vidole, lakini nalala nimeshiba. Kwa mjomba nasikitika. Sikuambiwa.

Umesema mambo ya mwaka ule tuyaache yalivyo. Yalivyo ni hivi. Mume wangu alikufa, nikabaki na watoto wawili na mikono mitupu, nikauza pombe ya ulanzi kwa madereva ili wapate kula. Wewe ukasimama madhabahuni ukanisoma jina, kwa sauti yako mwenyewe, kwamba nimetengwa. Tangu siku hiyo sijakaribia Meza ya Bwana. Nakaa benchi la nyuma na wasiobatizwa. Ulanzi niliuacha nilipopata kazi hii, lakini hakuna mzee wa kanisa aliyekuja kuniuliza. Haya, nimeyaacha.

Chupa lete. Nilimwona baba akioza mguu, nyumba nzima inanuka, na sisi tunazunguka kutafuta aliyemroga. Sitaki kukuona wewe hivyo, hata kama unastahili.

Bwana Sila amenieleza polepole kama mtoto, nami nakueleza vivyo hivyo. Mkojo uwe wa asubuhi kabla hujala. Chupa ioshwe kwa maji ya moto, isiwe iliyokaa asali wala mafuta ya taa. Dawa ikibaki bluu, hakuna sukari. Ikiwa kijani, ipo kidogo. Njano, jihadhari. Tofali, umeharibu. Chumvi inakatazwa kwa ajili ya presha, na magadi ni yale yale, kwa hiyo maharage yachemke bila magadi hata yakichukua kutwa nzima. Na wifi asikupikie sufuria yako peke yako kama mzazi aliyejifungua. Mle wote chakula kimoja, ndipo utaweza.

Mwambie Ida nami namkumbuka. Siku ile uliponisoma jina, ni yeye peke yake aliyetoka nje kunifuata.

Hulda


Njombe, 14 Oktoba 1957

Hulda,

Nimepokea yako na matokeo ya chupa ya kwanza, tofali, kama nilivyotarajia. Hii ni ya pili. Imefungwa ndani ya soksi, katikati ya viazi. Hilari aliniuliza kama ni asali, nikamwambia ni dawa. Si uongo sana.

Mvua bado. Ida ameanza kutifua shamba la juu. Mabati ya kanisa yamefika, tunatazamia kuzindua Pasaka, na wazee wamenichagua mimi nipokee funguo mlangoni na kusoma historia ya usharika.

Masharti nayafuata, lakini nasema wazi kwamba haya si maisha. Mboga bila chumvi naimeza kwa sababu tu nimeagizwa. Ida anahangaika, anatia nyanya, anatia kitunguu, anakamua ndimu, mwisho ananitazama usoni kama mtu anayengoja hukumu. Na yeye ameacha chumvi. Nilimwambia hana haja, akasema, "Wewe ukila majivu nami nitakula majivu." Ugoro nimetupa shimoni. Kila asubuhi natembea hadi jengo la kanisa na kurudi. Watu wanadhani nakagua mafundi, nami nawaacha wadhani.

Huku nimesema kuanguka kwangu kulikuwa malaria. Nawe ukikutana na mtu wa kwetu hapo Makambako, ni malaria.

Danieli


Makambako, 16 Desemba 1957

Kaka,

Krismasi njema mapema, kabla barabara haijageuka uji. Mwanangu mdogo aliugua surua, sasa anacheza. Mvua imeanza na ukuta wa jikoni umelala chini. Nitaujenga mwenyewe, nani mwingine.

Nisikilize. Oktoba ulitoa njano. Novemba ukatoa kijani, na Bwana Sila akasema yule mzee ana moyo wa chuma. Niliona fahari, nakwambia kweli, nilizunguka na kile kichupa nikiwaonyesha hata wafagiaji. Juzi imetoka tofali. Tofali kabisa, kama siku ya kwanza. Bwana Sila akarudia kupima akidhani amekosea.

Unakula nini? Kuna mtu amekuletea miwa? Asali? Usinifiche, mimi si Efraimu. Na hili la presha nimekuuliza mara mbili na mara mbili umeruka. Umekwenda kupimwa au hukwenda?

Hulda


Njombe, 27 Desemba 1957

Hulda,

Krismasi tumeila salama. Waliobatizwa walikuwa kumi na wanne.

Barua yako imeniudhi. Unaniuliza ninakula nini kama unahoji mwizi wa kuku. Sukari sijaionja tangu Agosti. Miwa, hapana. Asali, hapana. Chai nakunywa chungu. Ugali ngumi moja, na Ida ni shahidi. Asubuhi natembea, na nikitoka kanisani tunakaa na wazee wenzangu kwenye mianzi ya Mzee Yoeli, tunaongea ya usharika, nakunywa mtogwa kata mbili tatu, narudi nyumbani kwa miguu yangu. Jioni mboga. Basi. Dawa ya huyo Bwana Sila imeharibika kwa unyevu.

Presha ni kazi ya daktari na mimi. Usinipeleke mbio.

Danieli


Makambako, 4 Januari 1958

Danieli,

Leo sina salamu. Watoto wazima. Basi.

Mtogwa! Ee Mungu wangu! Kata mbili tatu, kila siku, na unaandika hivyo bila hata kupepesa macho!

Mimi niliuza ulanzi miaka mitatu, naujua kuliko wewe unavyoijua Katekisimu. Mvua zikianza mwanzi unagemwa, maji yanadondoka, na yale ya asubuhi yasiyochacha, huo mtogwa wenu mnaojisifia kwamba si pombe, ni sukari tupu. Ukiuacha hadi kesho ndipo sukari inageuka kuwa ukali. Nyinyi wazee wa kanisa mnauwahi alfajiri ukiwa mtamu, mnajipangusa midomo, mnasema hatunywi pombe. Kweli hamnywi. Mnakunywa sukari kwa ndoo.

Bwana Sila hakuniamini. Nikaenda kwa mama mmoja jirani, nikaleta mtogwa kwenye kikombe. Akatia matone kwenye dawa ya bluu, akachemsha. Tofali! Tofali ile ile, kaka, huwezi kuitofautisha na yako. Wauguzi wote walikuja kuangalia. Bwana Sila akasema ajuaye mengi ni mfuaji wa mashuka.

Lakini mimi sikucheka. Nilisimama pale nikifikiri, mwanzi ni ule ule. Uliponitenga ulisema kanisani kwamba Hulda amechota kwenye mwanzi. Na wewe ulikuwa unachota mwanzi huo huo saa kumi na mbili asubuhi.

Sasa hili ni la Bwana Sila, si langu. Chupa inayokuja ikiwa tofali, anamwandikia daktari, na wewe utaanza sindano kila asubuhi kwenye foleni ya Efraimu. Acha mtogwa. Ukiwaambia wenzako ni sharti la daktari watakuelewa. Ukiona haya, sema ni malaria, si umeshazoea.

Hulda


Njombe, 19 Januari 1958

Hulda,

Nimekusikia. Chupa hii hapa. Pimeni.

Danieli


Makambako, 28 Januari 1958

Kaka yangu mpendwa,

Kamwene, na kamwene tena! Bluu! Bluu kama ilivyotoka kwenye chupa ya dawa. Bwana Sila alichemsha mpaka moto ukaisha, haikubadilika. Nimekaa kwenye rundo la mashuka machafu nikalia kama mjinga.

Naomba unisamehe kwa ukali wa barua yangu. Nilikuwa na hasira za miaka minne, zikatoka zote mlango mmoja. Sikujua una nguvu hiyo ya kuacha kitu siku moja. Baba hakuwa nayo. Bwana Sila amemwandikia daktari kwamba sindano haina haja kwa sasa.

Presha, tafadhali. Nakuomba tu. Na wifi nambusu mikono yote miwili, maana najua ni sufuria yake iliyofanya kazi hii.

Wanangu wanauliza kama tutakuja Pasaka kuona kanisa jipya. Nimewaambia mama yao atakaa nje, lakini wao wataingia.

Mdogo wako,
Hulda


Njombe, 2 Machi 1958

Hulda,

Ya mwisho ilikuwa bluu, ya Februari umesema bluu, na hii bila shaka. Sioni kwa nini tuendelee kila mwezi. Mwambie Bwana Sila itoshe mara moja kwa miezi miwili.

Paa limekamilika. Mkuu wa jimbo atakuja Pasaka. Nimeandika historia ya usharika kurasa tisa. Ida amechoka na palizi, hana mengi ya kusema.

Danieli


Makambako, 11 Machi 1958

Kaka,

Tofali.

Nimekaa na kalamu hii tangu mchana. Bluu mara mbili halafu tofali, tena nyekundu kuliko zote, na Bwana Sila amepima na kitu kingine, akakunja uso. Anasema mtu mwenye mkojo huu yumo hatarini, si jambo la kungoja. Anasema nikuulize: una kiu isiyokatika? Unaamka kukojoa usiku? Nguo zimekupwaya? Kama ni ndiyo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, iwe kwa Efraimu au kwa shetani mwenyewe.

Umerudi kwa mtogwa, sivyo? Sitakutukana. Nenda tu. Daktari ameshaandikiwa, anakungoja wewe.

Hulda


Makambako, 29 Machi 1958

Kaka,

Majuma mawili na zaidi, kimya. Barua haikufika, au umekasirika?

Hilari amepita leo. Nilimshika mkono hapo hapo kwenye lori, nikamuuliza, akasema, "Mzee ni mzima, nilimkuta anapaka rangi madirisha ya kanisa. Mama ndiye amelala." Nikauliza ana nini. "Kakonda. Kashikwa na homa, wanasema." Nikashusha pumzi kwa ajili yako, Mungu anisamehe, nikaanza kuhangaika kwa ajili yake. Palizi ya shamba zima peke yake, kwenye mvua, na chakula chenyewe kisicho na chumvi wala mafuta, angekosaje kudhoofika? Yeye hakuwa mgonjwa. Nilikosea kusema mle sufuria moja.

Namletea sukari ratili mbili kwa mkono wa Hilari. Atie kwenye uji, asubuhi na jioni, na asijibanie, atie ya kutosha. Apate nguvu. Wewe usiiguse.

Pasaka sitakuja, nimepangiwa kazi. Lakini nijibu, hata neno moja.

Hulda


Njombe, 12 Aprili 1958

Hulda mdogo wangu,

Barua zako zote zilifika. Pasaka imepita, kanisa limezinduliwa. Nilisoma kurasa zote tisa.

Ida anaumwa sana. Anakunywa mtungi mzima wa maji kwa siku na bado anaomba. Amebaki mifupa. Tangu juzi anatapika, na pumzi yake ina harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Leo anasinzia, nikimwita anafumbua macho halafu anayafumba.

Hulda, chupa hazikuwa zangu.

Uliponiandikia habari ya mtogwa nilijaribu kuuacha. Niliacha siku nne. Ya tano Mzee Yoeli akaniuliza mbele ya wenzangu kama siku hizi nimeingia dini nyingine, nikanyoosha mkono nikapokea kata. Siku ya kujaza chupa nilijua itakuwa tofali, nikaiona foleni ya Efraimu. Nikamwambia Ida kwamba Bwana Sila anataka kupima na mkojo wake, kwa kuwa tunakula sufuria moja. Akafurahi kwamba mmemjali. Chupa ya Januari ilikuwa yake. Ya Februari yake. Na ile ya Machi yake pia.

Barua yako ya Machi niliisomea nje, nyuma ya zizi. Nilipoingia aliniuliza, "Wangu umetoka rangi gani?" Nikasema bluu.

Maswali yote uliyoniuliza mimi, kiu, kukojoa, kukonda, nilikuwa nayaona kwake. Nilijua siku ile ile. Lakini ningempeleka kwa Efraimu nimwambieje? Kwamba nimejuaje? Daktari amekwisha andikiwa kwamba mwenye hatari ni mimi. Angeuliza chupa zilikuwa za nani, na wiki tatu kabla ya uzinduzi ningesomwa jina mbele ya usharika. Nikasema moyoni, Pasaka ipite kwanza. Mtu hafi kwa wiki tatu.

Sukari uliyoleta ilifika. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema, "Hulda ananipenda." Alitia kwenye uji siku nne. Nilikuwa nimekaa pale. Siku ya tano niliificha, nikamwambia imeliwa na sisimizi.

Sasa nakuomba jambo moja, ndugu yangu wa tumbo moja. Mwambie Bwana Sila amwandikie daktari kama jambo lililogunduliwa huko Makambako, kwamba mke wa Danieli naye aitwe apimwe. Asitaje chupa. Wakimwita kwa barua ya serikali nitampeleka mara moja. Hilari anaondoka kesho. Anasema barabara ni tope tupu, lakini atajitahidi. Fanya haraka, Hulda.

Danieli


Makambako, 10 Mei 1958

Danieli,

Barua yako ya tarehe 12 Aprili nimeisoma jana.

Ngoja nikupangie siku, kwa kuwa wewe ni mwandishi wa historia. Tarehe 12 uliandika. Tarehe 15 Ida akafa. Tarehe 17 dereva wa basi akaniletea habari ya msiba, nikapanda basi lile lile na wanangu. Njiani tukalipita lori la Hilari limezama kwenye tope hadi ekseli, watu wanakata matawi ya kutia chini ya magurudumu. Nilimpungia mkono. Barua yako ilikuwa mfukoni mwake. Wakati analinasua mimi nilikuwa kwako nalia, naye akaja akaiacha hapa dispensari, nikaikuta niliporudi kutoka matangani.

Majuma matatu nilikaa kwako. Nilikupikia bila chumvi. Nilikusugua miguu, nikakukagua kidole kwa kidole, kama Bwana Sila alivyonifundisha, nikihofia kidonda. Nilikutoa pale kaburini ulipokataa kuondoka, nikakufunika blanketi langu. Wanawake waliponiuliza wifi yangu alikuwa na nini, nikawaambia homa, kwa sababu wewe uliniambia homa. Kila jioni tulikaa jikoni, wewe na mimi, jiko moja. Ulikuwa unajua barua iko njiani. Ulikuwa unanitazama nikipuliza moto, ukijua nitakayokuja kuyasoma, ukaniacha niondoke. Siku ya kuniaga uliniambia usharika umeanza kufikiria kunirudisha kundini. Nilikushukuru, Danieli. Nilikushika mikono nikakushukuru.

Nimesoma habari ya sukari mara nyingi. Siku nne. Niliandika asijibanie. Ningemtia sumu ningemfanyia nini zaidi? Jana nilimuuliza Bwana Sila kama siku nne zile ndizo zilizomuua. Akasema hajui, labda angekufa hata hivyo bila sindano, labda sivyo. Akasema nisijitese. Huyo ni mtu mwema na hakuna alichonisaidia.

Lakini lililonikosesha usingizi si sukari, wala si chupa. Ni hili. Kutoka mlangoni pako hadi hospitali ni mwendo wa saa moja. Daktari yuko pale. Sindano ziko pale. Efraimu yuko pale, na wewe ulimwogopa Efraimu kuliko ulivyoogopa kumzika mkeo. Mwanamke anatapika kitandani, na wewe umekaa mezani unamwandikia mfuaji wa mashuka, siku nzima ya lori na tope, ili jina lako lisitajwe. Ungeweza kusimama mlangoni ukapiga kelele tu. Vijana wa kanisa wangembeba kwa machela kama walivyokubeba wewe.

Utakuwa unangoja kujua nitaifanyia nini barua yako. Ningeweza kuja Jumapili moja, niinuke kwenye benchi la nyuma na kuisoma. Sauti ninayo, na nimeshaona jinsi inavyofanywa. Sitaisoma. Si kwa ajili yako. Ida alikwenda akiamini ulimjali, na sitaki watu wamwonee huruma kaburini.

Nina masharti tu, na haya hayajatoka kwa daktari.

Chupa usiniletee tena. Kesho asubuhi utaijaza mwenyewe, uibebe mkononi bila soksi wala viazi, mchana kweupe, upite nayo sokoni, umpe Efraimu. Akikuuliza za mwanzo zilikuwa za nani, utamjibu. Mpe na mkono wako akufunge kile kitambaa, upimwe hiyo presha uliyoikimbia miezi minane. Akisema sindano, ukae foleni na wenzako. Mtogwa uuache, Mzee Yoeli akikucheka au asikucheke. Chumvi uache. Mboga utapika mwenyewe, nyanya na kitunguu na ndimu, umemwona mara nyingi akifanya. Utembee kila siku mpaka jasho litoke, na ukague miguu yako kila jioni, maana hakuna tena wa kukukagulia.

Mtu mwingine angekuombea ufe. Mimi nataka ufuate kila sharti, kaka, bila kuruka hata moja. Bwana Sila anasema mwenye kufuata anaweza kuishi hata miaka thelathini. Nataka uishi yote thelathini ndani ya nyumba ile.

Hulda